Wa Kwanza Kwenye Orodha ya Akiba

Elinaja Mbwambo alikuwa na miaka arobaini na minne alipoomba ufadhili wa kuanza shahada ya uhandisi, na aliyejua ni mumewe peke yake. Aliona aibu. Ufadhili ule ulikuwa wa watu wanaoingia mwaka wa kwanza, na picha zote kwenye tovuti zilikuwa za vijana wenye ngozi laini na mikoba mgongoni. Hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba mama mwenye mtoto wa miaka ishirini haruhusiwi. Alisoma masharti mara nne akilitafuta sharti hilo, hakuliona, akajaza fomu.

Haya alinisimulia mwenyewe, karibu mwaka mzima baadaye, tukiosha vikombe baada ya ibada ya Kiswahili pale Hayes, magharibi mwa London. Kabla ya hapo nilimjua kama sote tulivyomjua: Mama Lusajo, Mpare wa Same, mpole, anayewafundisha watoto wa wenzake hesabu bila kuomba chochote. Mengine sikuyajua.

Alikuja London mwaka 2006 kumfuata mumewe, Philemon, anayeendesha mabasi ya wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Sekondari alikuwa mtu wa fizikia na hesabu. Kidato cha sita alifaulu vizuri, ila si kwa kiwango cha kulipiwa chuo, na baba yake, mwalimu wa shule ya msingi mwenye watoto saba, hakuwa na njia. Mlango ukafungwa hapo. London alipata kazi katika kiwanda kinachotayarisha vyakula vya ndege, akasimama mbele ya mkanda wa kusafirishia trei kwa miaka kumi na mitano.

Kilichomwamsha ni mkanda huohuo. Kuna kipindi trei zilikuwa zinakwama kila siku pale mkanda unapopanda kwenda chumba cha kupakilia. Mafundi walikuja mara tatu, wakabadilisha mota. Elinaja akamwambia msimamizi wake, Jaspal, kwamba mota haina kosa. Trei zinatoka kuoshwa zikiwa na maji chini, mteremko ni mkali, kwa hiyo zinateleza kurudi nyuma na kuzigonga zinazofuata. "Punguzeni mwinuko au zikausheni kwanza," alisema. Wakapunguza mwinuko, trei zikaacha kukwama. Jaspal akamuuliza, "Wewe ulisomea nini?"

Elinaja alisema hakusomea kitu. Jibu hilo lilimuuma njia nzima ya kurudi nyumbani. Septemba ya mwaka ule alijiandikisha kozi ya jioni ya kuwaandaa watu wazima kwenda chuo kikuu, na Julai iliyofuata akaimaliza kwa alama za juu kabisa.

Tangazo la ufadhili aliliona kwenye ubao wa chuo hichohicho cha jioni. Mfuko mmoja wa hisani ulikuwa unachukua mtu mmoja kila mwaka kutoka sehemu zile za magharibi mwa London, ukimpa pesa ya kujikimu kwa miaka yote ya shahada ya uhandisi. Ada Elinaja angeweza kukopa serikalini kama wengine. Lakini kuacha kazi asome mchana kama mwanafunzi, hilo asingeliweza bila mfuko ule.

Na hapa ndipo penye fundo la mambo yote. Siku ileile alipoliona tangazo, kabla hata hajafikiria kuomba, alimtumia rafiki yake Jedidah.

Jedidah alikuwa Mkenya, muuguzi, mjane, na kwa miaka tisa walikuwa kama ndugu. Binti yake, Lorraine, alikuwa na miaka kumi na minane, mwaka wa mwisho wa A-level, na alitaka uhandisi. Kila Jumamosi saa nne asubuhi Lorraine alikuja kwa Elinaja kusoma mekanika, sehemu ya hesabu iliyokuwa ikimshinda. Elinaja aliinamisha ubao wa kupigia pasi, akaweka juu yake kopo la maharage, akamwambia, "Haya, niambie kwa nini haliteremki." Lorraine alijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote waliozaliwa huku, naye Elinaja akiendelea na Kiswahili chake, na wakaelewana hivyo kwa mwaka mzima.

"Mtumie Lorraine hii," Elinaja alikuwa ameandika chini ya picha ya tangazo. Jedidah akajibu kwa mioyo mitatu. Siku nne baadaye Elinaja naye aliomba, akanyamaza.

Kwenye usaili walikuwa watu watatu, wapole. Mmoja, mzee wa Kihindi aitwaye Kanti, alimsikiliza kisa cha trei na kuandika karatasi nzima. Kisha mama aliyekaa katikati akauliza swali walilomuuliza kila mtu: unajiona wapi baada ya miaka ishirini?

"Nitakuwa na miaka sitini na nne," Elinaja alisema. "Nitakuwa kazini bado."

Walicheka kwa wema. Aliposhuka ngazi alijua amekosa, na alijua kwamba amekosea kwa kusema ukweli.

Majibu yalikuja Aprili, Ijumaa. Barua pepe ilisema mfuko ulivutiwa sana naye, kwamba ufadhili wa mwaka huo umetolewa kwa mwombaji mwingine kwa sharti la matokeo yake ya Agosti, na kwamba yeye, Elinaja, ni wa kwanza kwenye orodha ya akiba. Mwombaji huyo asipotimiza sharti, nafasi itakuwa yake.

Jumapili, Jedidah alisimama kanisani wakati wa matangazo. Alikuwa amevaa gauni la kijani ambalo Elinaja alimsaidia kulichagua. Akasema Mungu ametenda, msichana wake amepata ufadhili wa uhandisi, mtu mmoja tu kwa eneo zima, imebaki apate A ya hesabu. "Na simshukuru Mungu peke yake," alisema. "Kuna huyu dada yangu, Mama Lusajo. Ni yeye alituma hiyo tangazo, na ni yeye anamfundisha. Hebu simama, mama."

Elinaja alisimama. Watu wakapiga makofi. Aliniambia kwamba wakati ule alikuwa akimtazama Lorraine, kichwa kimeinama juu ya simu. Hakuwa amewahi kumchukia mtoto wa mtu. Sasa aliyaona mambo ambayo hakuwahi kuyaona: kucha zilizochongwa, namna ya kukaa kama mtu ambaye hajawahi kusimama saa kumi kwa mfululizo, ile hali ya kutoshangaa kupewa. Alijiambia, yeye ana maisha yote mbele yake, kwa nini achukue na hili? Na hapohapo akajijibu kwamba aliyempelekea ni nani kama si yeye.

Jumamosi iliyofuata alimtumia Jedidah ujumbe kwamba amebadilishiwa shifti.

Hakuna aliyebadilishiwa shifti. Alikaa jikoni na daftari lake, saa nne ikafika, ikapita. Jumamosi ya pili akaandika vilevile. Ya tatu akasema ana mafua. Jedidah alijibu kila mara kwa upole: pole mama, pumzika, usijali. Kisha, wiki ya nne, akaandika: "Lorraine amepata 48 kwa mtihani wa majaribio. Analia tu. Ukipata hata saa moja nitashukuru." Elinaja aliusoma ujumbe ule akiwa kwenye chumba cha mapumziko kiwandani. Aliniambia waziwazi, mikono ikiwa ndani ya maji ya vikombe, kwamba jambo la kwanza alilohisi ni furaha. La pili lilikuwa hofu ya ile furaha. Alijibu kwamba wiki hiyo haitawezekana.

Philemon hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwona mkewe anavyokaa nyumbani Jumamosi baada ya Jumamosi, na asubuhi moja, akifunga kamba za viatu aende kazini, alimuuliza, "Yule mtoto umeacha kumfundisha, au unamsubiri aanguke?"

"Nimechoka, Philemon. Siruhusiwi kuchoka?"

"Unaruhusiwa," alisema. "Basi mwambie mama yake umechoka. Usimwambie shifti."

Hakumwambia. Lakini Jumamosi ya tano, katikati ya Mei, kengele ililia, na Philemon, ambaye siku hiyo alikuwa mapumziko, akafungua mlango. Elinaja alisikia sauti ya Lorraine ikimuuliza Anti atarudi saa ngapi kutoka kazini, na akamsikia mumewe akijibu bila kusita, "Yuko jikoni. Ingia."

Lorraine aliingia na faili lake kifuani. Alimwona Elinaja katika kanga, chai mezani, kitabu cha mekanika kimefunguliwa mbele yake. Akasimama karibu na friji. Alizungumza Kiingereza, polepole, kama mtu aliyejipanga tangu kwenye basi.

"Nilikuja kukuachia kadi, Anti. Mama alisema wanakufanyisha kazi sana." Akatazama kile kitabu. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Basi mbona umeniacha?"

Elinaja alikuwa na uongo wa kutosha. Ulikuwa pale, umepangwa. Lakini msichana alikuwa amekonda, na kope zilikuwa zimevimba, na kadi ile ilikuwa na ua lililochorwa kwa mkono. Akavuta kiti.

"Kaa."

"Nitasimama."

"Niliomba ule ufadhili na mimi," Elinaja alisema. "Ule wako. Nilifanya usaili, nikawa wa pili. Ukikosa A ya hesabu, ninapewa mimi."

Lorraine hakuelewa mara moja. Kiswahili alikielewa vizuri, ni jambo lenyewe lililomchukua muda. Alimtazama Elinaja, akatazama daftari, na Elinaja akaona uso ule ukibadilika hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata hesabu mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa unangoja nifeli."

"Ndiyo."

"Nilivyopata 48, ulijua?"

"Mama yako aliniandikia."

"Ukafurahi?"

Elinaja alisema, "Nilifurahi. Nakuonea wivu, mwanangu. Nimekuonea tangu ile Jumapili. Nililala nao, nikaamka nao, nilikuwa nao tu, kila mahali."

Sebuleni Philemon alipunguza sauti ya redio, kisha akaizima kabisa.

"Ungeniambia," Lorraine alisema.

"Ungefanyaje?"

Msichana alifikiri kweli. "Sijui. Labda ningeomba tu. Lakini ningejua naomba dhidi ya nani."

"Kaa chini tuanze," Elinaja alisema. "Mtihani una wiki tatu. Nitakufundisha kila siku nikitoka kazini. Nakuahidi."

Lorraine alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo Elinaja hawezi kulisahau. "Hapana, Anti. Ukinionyesha jibu sitajua kama ni jibu la kweli." Akaweka kadi juu ya friji, akaaga vizuri kama alivyolelewa, akaenda zake.

Jedidah alikuja Jumatatu jioni, moja kwa moja kutoka hospitalini, bado na sare ya kazi. Hakukubali chai. Alikaa ukingoni mwa kochi.

"Miaka tisa, Mama Lusajo," alisema. "Nimekuletea huyu mtoto kwa mkono wangu. Kwani ungeniambia tu, 'Jedidah, mimi pia nataka kusoma,' ningekucheka?"

"Nilidhani utacheka."

"Ningecheka kidogo," Jedidah alisema baada ya kufikiri. "Halafu ningekuombea. Sasa sijui nikuombee nini." Akainuka. Mlangoni aliongeza bila kugeuka, "Huyo mtoto hata hakutaka kuniambia. Nilimtoa maneno kwa nguvu. Alikuwa anakufichia siri."

Baada ya hapo Jedidah, aliyezoea kumpigia Elinaja simu kila Jumapili asubuhi kumuuliza avae nini kanisani, hakupiga tena.

Elinaja alichukua likizo ya wiki moja. Alikaa mezani akaandika kwa mkono maswali arobaini ya mekanika, yale yanayopenda kutoka, kila moja na njia yake yote: kani zimechorwa kwa mishale, msuguano kwa kalamu nyekundu, na pembeni maelezo mafupi ya mahali ambapo Lorraine alizoea kukosea, kwa sababu alipajua. Mwishoni mwa kila swali aliandika ukurasa wa kitabu cha shule unaothibitisha jibu, ili msichana asilazimike kumwamini. Akayatia kwenye bahasha, akayaingiza kwenye kitundu cha barua cha mlango wa Jedidah wakati hawapo. Hakuna aliyemjibu. Mpaka leo hajui kama yalifunguliwa.

Ningependa kusema kwamba kazi ile ilimsafisha, lakini yeye mwenyewe alinikatalia. Alisema mkono ulikuwa ukiandika vizuri na moyo ukisema, liache hili, liandike vibaya, nani atajua. Hakuliandika vibaya hata moja. Moyo haukunyamaza hata hivyo.

Juni ikapita na mitihani yake. Elinaja alipanga mambo kama mtu asiyekuwa na tumaini la kuongezewa: alikubali nafasi aliyopewa chuo kikuu, kilekile alichokuwa akienda Lorraine, akaomba mkopo wa ada, akazungumza na Jaspal ahamishiwe shifti za jioni za Ijumaa, Jumamosi na Jumapili tu. Jaspal alimwambia hajawahi kusaini fomu kwa raha kama ile. Philemon akaongeza safari za ziada. Nyumba ingebana, lakini ingekwenda.

Siku ya matokeo, Agosti, Alhamisi, alikuwa kazini. Saa mbili asubuhi alijua matokeo yametoka. Trei zilipita mbele yake, omleti, omleti, matunda, naye akawa anaomba. Nilimuuliza aliomba nini. "Niliomba apate B," alisema. "Sikuomba afeli. B tu. Nilimpunguzia Mungu kazi."

Saa tatu na nusu simu ilitikisika mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa kundi la ibada, kutoka kwa mtu mwingine kabisa, wenye picha: Lorraine ameshika karatasi, Jedidah amemkumbatia kutoka nyuma, uso hauonekani. Chini yake yaliandikwa matokeo. Hesabu, A.

Alirudisha simu mfukoni. Anasema palikuwa na uchungu, uchungu hasa, wa mtu aliyeona basi lake likiondoka. Lakini yale maombi yalikoma, na hakujua jinsi yalivyokuwa yakimchosha mpaka yalipokoma. Aliingia kwenye kundi akaandika, "Hongera Lorraine. Hongera Mama Lorraine." Aliandika jina lake lote, Elinaja Mbwambo, kama mtu anayesaini.

Sherehe ilifanyika ukumbini kwetu wiki mbili baadaye. Kila familia ililetewa mwaliko na yeye alitumiwa pia, bila neno la ziada. Alipika sufuria kubwa la makande, akalibeba mwenyewe kwenye basi. Nilikuwepo. Jedidah alifunua kifuniko, akatazama yale mahindi na maharage.

"Hii ni githeri," Jedidah alisema.

"Ni makande. Yana nazi."

"Ni githeri imeoga nazi." Akachukua sahani, akapakua, akaenda kukaa meza ya mbali. Alikula yote. Siku hiyo hawakuzungumza zaidi ya hapo, lakini mwezi wa Oktoba simu ya Jumapili ilianza tena, fupi fupi.

Chuo kilifunguliwa mwishoni mwa Septemba. Ukumbi wa mihadhara una viti mia mbili na zaidi, na Elinaja alikaa safu ya mbele kabisa kwa sababu ya macho. Lorraine alikuwa huko juu na wenzake. Katika wiki ya kwanza mfuko ulimpeleka yeye na wafadhiliwa wa maeneo mengine kwenye chakula cha mchana, na picha yao ikabandikwa kwenye korido. Elinaja anapita hapo kila siku kwenda maabara. Mara nyingi hutazama upande wa pili.

Wiki ya tatu walikuwa kwenye foleni ya kupewa viatu vya karakana, vile vyenye chuma mbele. Walijikuta wamefuatana, Lorraine mbele, yeye nyuma. Mtunza stoo alimpa Lorraine vyake, akamtazama Elinaja, akauliza kwa wema kama mama amekuja kumsaidia kubeba.

"Si mama yangu," Lorraine alisema. "Yuko darasani kwetu. Mpe saizi sita."

Saizi yake aliijua, kwa kuwa mwaka mzima aliviona viatu vya Elinaja mlangoni. Walitoka pamoja mpaka kituoni. Waliongea kuhusu mhadhiri anayefuta ubao kabla watu hawajaandika, na kuhusu kazi ya kuchora waliyopewa, ambayo wote wawili hawakuielewa. Basi lilipokuja Lorraine alipanda juu, kwenye viti vya mbele vya ghorofa. Elinaja alikaa chini karibu na mlango, boksi la viatu mapajani.

Nilimuuliza kama wivu umeisha. Alikausha kikombe cha mwisho, akakitazama, akakipanga na vingine.

"Haujaisha," alisema. "Ila siku hizi naujua ukija, naupa kiti, naendelea na kazi ya chuo."